Kiarabu hakikuingia ofisini siku ya ushindi

Ndugu, umeuliza kama Waarabu walipoziteka Shamu (Syria na jirani zake) na Iraki walilazimisha Kiarabu papo hapo. Hapana. Kwa miaka 50 na zaidi madaftari ya kodi ya Damascus yaliandikwa Kigiriki, ya Iraki Kiajemi cha kale, na makarani walikuwa walewale. Itazame dirhamu, sarafu ya fedha ya wakati huo: upande mmoja mfalme wa Uajemi na taji lake, upande wa pili madhabahu ya moto, na pale ukingoni, kwa hati ya Kiarabu, "bismillah". Sarafu ile moja yatosha kukuonyesha walivyoanza.

Aliyegeuza mambo ni khalifa Abdul-Malik bin Marwan. Karibu mwaka 697 madaftari ya Iraki yakahamia Kiarabu, ya Shamu yakafuata, na dinari, sarafu ya dhahabu, ya mwaka 77 Hijria (696–697) ikatoka bila sura, maandishi matupu. Karani ilibidi ajifunze au aache kazi. Hata hivyo Kiajemi hakikufa: kilivaa herufi za Kiarabu, na karne ya 10 washairi wa Bukhara, mji wa Uzbekistan ya leo, waliwatungia watawala wao mashairi kwa lugha hiyo. Hata neno diwani, jina la ofisi zile za kodi, asili yake ni Kiajemi.