Majilio kwa Asiyeona Kitu

Msomaji mmoja, binti ambaye kwa maandishi yake nadhani bado hajafika miaka thelathini, ameniandikia baada ya Ijumaa ya juma la kwanza la Majilio, kipindi cha kungoja Noeli, akiwa na uchungu ambao hakujaribu kuuficha. Amesali novena baada ya novena, sala za siku tisa tisa, akimwomba Mungu amwonyeshe njia katika suala la kazi na la ndoa, amefunga, ametoa sadaka, na bado, kwa maneno yake mwenyewe, haoni kitu. Ijumaa hiyo alikwenda Misa, akasikia Injili ya vipofu wawili katika sura ya 9 ya Mathayo, na rafiki aliyeketi naye akamwambia walipokuwa wakitoka kwamba jibu lake amekwisha kulipata: "Kwa kadiri ya imani yenu mpate." Yaani huoni kwa sababu imani yako haitoshi. Ananiuliza kama ni kweli, na kama aanze novena nyingine au apumzike kwanza.

Nimeamua kumjibu hadharani, kwa sababu ninajua wako wengi walioambiwa hivyo, na kwa sababu maneno hayo ya Mathayo 9:29 ninayafahamu kwa namna ambayo singependa mtu mwingine ayafahamu. Yalitumika dhidi ya baba yangu.

Baba alikuwa katekista huko Rombo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Padre alipokuwa na vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, vingi kuliko Dominika za mwezi, baba ndiye aliyeongoza ibada, akawaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza na kuwazika marehemu. Ugonjwa wake ni ule ambao watu huuita presha ya macho. Hauumi wala hauwashi. Maji yaliyomo ndani ya jicho hushindwa kutoka inavyopasa, shinikizo linapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo. Kwa kawaida kinachotangulia kupotea ni pembeni. Katikati hubaki safi kwa muda mrefu, hivi kwamba mzee wangu alisoma somo la kwanza pale mimbarini bila kukosea neno, kisha akishuka anamgonga bega mtu aliyesimama kando yake. Kijijini kila mtu alisema ni uzee. Tulipomfikisha hospitalini Moshi, daktari hakutuzungusha: kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone atakayotumia kila siku mpaka mwisho wa maisha yake ni ya kulinda kilichobaki.

Ndipo akaja mtumishi mmoja na mkutano wake wa injili, na vipaza sauti vilivyosikika mpaka kijiji cha pili. Jina lake sitalitaja, wala la huduma yake. Jirani alimshika baba mkono akampeleka. Mzee akapakwa mafuta ya upako, akaombwa kupanda mbegu, yaani kutoa fedha, akaipanda, na mwishoni akaambiwa kwamba kuendelea kutia matone ni kumwambia Mungu kwamba humwamini. Chupa ile ni ushahidi wa mashaka yako. Baba, mtu aliyefundisha katekisimu kizazi kizima, alirudi nyumbani akaifungia chupa kabatini. Tulipopanda kwetu Desemba hiyo, kama ilivyo desturi ya wana wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuzima. Mtumishi alipofuatwa na kuulizwa, alinukuu mstari ule ule: kwa kadiri ya imani yenu. Kumbe imani ya mzee haikufikia kadiri.

Nimesamehe. Nalisema hilo kila Kwaresima mbele ya padre, na kila Kwaresima narudi kulisema tena, kwa hiyo wasomaji wangu na wapime wenyewe.

Tangu hapo nimeisoma Injili ile ya Ijumaa kila Majilio, na nasema bila haya kwamba naielewa kuliko yule bwana mwenye vipaza sauti. Tazama mpangilio wa tukio lenyewe. Vipofu wawili wanamfuata Yesu njiani wakipaza sauti, "Uturehemu, Mwana wa Daudi," na Yesu hawaponyi pale njiani. Anaendelea kutembea mpaka anaingia nyumbani, nao wanamfuata mpaka ndani. Mwendo wote ule waliutembea wakiwa vipofu. Walijikwaa, waliuliza njia, pengine walishikana mikono, na walimwita Mwana wa Daudi, jina la Masiha, wakati ambapo watu wenye macho mazima walikuwa bado wanabishana yeye ni nani. Imani yao ilikuwapo tayari kabla macho hayajafumbuka, na ilifanya kazi yake yote gizani. Sasa mtu atawezaje kuchukua habari hiyo na kuifundisha kwamba giza ni dalili ya kukosa imani?

Tena liangalie swali lenyewe. Yesu hakuwauliza kama wana hakika kwamba leo wataona. Aliwauliza, "Mnaamini kwamba naweza kufanya hili?" Swali linahusu uwezo wake yeye, wala si kiwango cha uhakika wao, na wao walijibu kwa maneno mawili tu, "Naam, Bwana." Baada ya kuwaponya, ndani ya nyumba, mbali na umati, aliwakataza kwa ukali wasimwambie mtu. Hawakutii, ni kweli, lakini katazo lilitolewa, nami sijawahi kusikia likihubiriwa uwanjani.

Binti aliyeniandikia anahitaji pia kusikia Injili ya Dominika ya tatu. Majilio ya mwaka huu wa 2025 yalianza tarehe 30 Novemba na kutuingiza katika Mwaka A wa liturujia, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu ya masomo ya Misa, kwa hiyo tarehe 14 Desemba, Dominika ya furaha, padre atakapovaa rangi ya waridi badala ya zambarau, tutasomewa Mathayo 11. Yohana Mbatizaji yuko gerezani. Mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, Yosefu Flavio, anaandika kwamba alifungwa katika ngome ya Makeronte, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Huyu ndiye aliyemwonyesha Kristo kwa kidole, aliyembatiza, aliyesikia yaliyosemwa pale Yordani, na sasa anawatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Naye anajibiwa kwa orodha: vipofu wanapata kuona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema.

Sehemu kubwa ya orodha hiyo imetoka kwa Isaya, katika sura ya 35 inayosomwa Dominika hiyo hiyo, na sehemu nyingine katika sura ya 61. Lakini ile sura ya 61 ina jambo ambalo Yesu hakulitaja: kufunguliwa kwa waliofungwa. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu. Yohana aliyajua maandiko ya Isaya, na bila shaka alisikia kilichoachwa. Aliambiwa kwamba macho ya wengine yanafumbuliwa, na kwamba mlango wake yeye hautafunguliwa. Kisha likaongezwa neno moja kwa ajili yake: "Naye heri awaye yote asiyechukizwa nami." Mdogo wangu, kama unasoma, hapo ndipo ulipo wewe, na hapo ndipo alipo baba yangu, na hapo si mahali pa watu wenye imani ndogo.

Baba sasa huona tofauti ya mchana na usiku, basi. Jioni ya kabla ya jumuiya, mjukuu humsomea somo mara mbili au tatu naye hulishika kichwani, na ole wake msomaji atakayeruka mstari. Jumuiya ndogo ndogo zetu, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizisukuma kwa nguvu miaka ya 1970, hukutana nyumba kwa nyumba, na mzee hapotezi hata moja. Majilio moja, sala zilipokwisha na watu wakaanza kupanga michango ya sikukuu, yeye aliuliza kwa nini mama fulani hakuimba leo. Wote tulikuwa tumemwona mama huyo. Alikaa katikati yetu na kitenge chake kizuri. Hakuna aliyegundua kwamba hakufungua kinywa. Akina mama walipomfuata nyumbani kwake kesho yake, walikuta amepata habari mbaya kutoka kwa mwanawe wa mbali na alikuwa hajala.

Kwa hiyo nikihubiriwa juu ya macho ya rohoni siku hizi, mawazo yangu hayaendi kwenye maono wala ndoto. Nakumbuka ule ugonjwa. Mwenye presha ya macho hajui kwamba haoni, kwa sababu kile anachokitazama mbele yake anakiona vizuri, na walio kando yake ndio wanaotoweka mmoja baada ya mwingine. Desemba yetu inatutenda hivyo hivyo. Mbele yetu kuna nauli iliyopanda, nguo za watoto, mbuzi, rangi ya nyumba ya kijijini ili jirani aone kwamba Dar es Salaam tunafanya kazi, na yote hayo tunayaona kwa usahihi wa ajabu. Katika Yohana 9, Injili ya Kwaresima lakini inatuhusu hapa pia, wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, na Yesu akakataa: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Mwisho wa sura ile hukumu inawaangukia wale waliosema, "Twaona." Wahubiri wa upofu wa wenzao wangeisoma polepole.

Basi, nini cha kufanya, kwa maana najua mtaniuliza kama mnavyoniuliza siku zote? Soma masomo ya Dominika jioni ya Jumamosi, kwa sauti, ikiwezekana kwa mtu mwingine. Jizuie kumwambia Mungu ni kitu gani hasa unachotaka akuonyeshe. Sema "Naam, Bwana," utembee. Washa mshumaa wa Majilio nyumbani, na usione aibu ukiwa ni mshumaa wa dukani uliobanwa kwenye kisahani. Shada la mishumaa tunalolifahamu lilianza mwaka 1839 huko Hamburg, ambako mwanateolojia wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alichukua gurudumu la mkokoteni na kulijaza mishumaa kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, kwa sababu kila siku walimsumbua kuuliza kama Krismasi imefika. Nuru iliongezwa mshumaa mmoja mmoja. Watoto wale nao walikuwa wakingoja bila kuona.

Na ukienda jumuiya, tafuta nani hakuimba. Narudia: tafuta nani hakuimba. Sina ushauri mwingine ulio bora kuliko huo, na nimekwisha kuandika tafakari nyingi ndefu ambazo hazifikii swali lile la mzee.

Jambo moja la mwilini, kwa kuwa sitaki mtu aseme niliandika juu ya macho nikaliacha. Presha ya macho hutembea katika ukoo. Mwenye mzazi au ndugu aliyenayo anapaswa kupimwa hata kama anaona vizuri, nami nimepimwa. Kama mnapanda kijijini kwa sikukuu na mzee anatumia matone, nunueni ya kutosha kabla ya safari. Na akitokea mtu wa kumwambia aache dawa ili kuthibitisha imani, mwambieni kwamba hata Tobiti, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia yetu Wakatoliki, alipona macho kwa nyongo ya samaki ambayo malaika mwenyewe alielekeza itumike kama dawa.

Tarehe 24 asubuhi, siku ya mwisho ya Majilio, Kanisa husoma wimbo wa Zakaria, baba yake huyo huyo Yohana, aliyekaa miezi bila uwezo wa kusema. Anaimba juu ya mwangaza utokao juu, unaokuja kuwaangaza wakaao katika giza na uvuli wa mauti. Ungetarajia amalizie kwa macho yaliyofumbuka. Anamalizia kwa miguu: "na kuiongoza miguu yetu kwenye njia ya amani." Baba aliponionyesha hilo, yeye mwenye fimbo mkononi, alicheka kwa furaha ya mwalimu aliyemkamata mwanafunzi hajasoma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, novena ya Noeli inaanza tarehe 16. Ianze, na katika siku zote tisa uliza swali la Yohana tu, kama lilivyo, bila kulipamba. Na rafiki yako akikurudia tena na mambo ya kadiri ya imani, mpe Mathayo 11 asome mpaka mstari wa 11, aone Yesu alisema nini juu ya mfungwa yule mara tu wajumbe wake walipokwisha kuondoka na swali lake: katika wazao wa wanawake hajaondokea mtu aliye mkuu kuliko yeye.