"Predispose" kwa mnaoanza wodi: msilichukulie poa

Wadogo zangu mnaoingia wodini kwa mara ya kwanza hapa Mbeya, na nyie mlioko Iringa na Njombe pia, kuna neno la Kiingereza mtakutana nalo karibu kila raundi na wengi wanalitumia ndivyo sivyo, nalo ni "predispose", yaani kumweka mtu kwenye hatari ya kuugua. Kesi umeiprezenti vizuri, historia imekaa sawa, presha na joto viko kwenye faili, halafu bingwa anakugeukia anasema "what predisposed this patient?" na mwanafunzi anaanza kutaja bakteria. Bakteria hajaulizwa hapo.

Anachotaka kujua ni kwa nini yeye. Kwa nini kaugua huyu na sio jirani yake wanaopanda naye daladala moja kila siku. Chukua TB, maana ndio utakayoiona sana. Vijidudu vyake Robert Koch alivitangaza tangu 1882, hakuna mjadala, hicho ndicho kisababishi. Lakini inakadiriwa karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa vijidudu hivyo na kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaokuja kuumwa maishani mwao. Wengine wanakaa navyo mpaka wanazeeka. Sasa hiyo tofauti kati ya aliyeambukizwa na anayeumwa ndio kazi ya "predispose". Kiberiti kinaweza kuwa kile kile, ila kuna kuni kavu na kuni mbichi, na wewe unaulizwa habari za kuni.

Mfano wa huku kwetu. Kaja baba wa makamo kutoka Chunya, amekonda, anakohoa muda mrefu, makohozi yamepimwa yana TB. Ukiishia hapo umemaliza nusu. Muulize kazi. Kama amechimba dhahabu miaka mingi, vumbi la mawe lina madini ya silika (silica), inaharibu mapafu na kudhoofisha zile seli za kinga zinazokaa humo, ndio maana wachimbaji wanaumwa TB kuliko watu wengine. Muulize VVU, kwa sababu mwenye VVU uwezekano wake wa kuumwa TB ni zaidi ya mara 10 ya asiye navyo, na mikoa yetu hii ya Njombe, Iringa na Mbeya ndio iko juu kitaifa kwa maambukizi. Sukari, pombe, sigara, lishe, vyote uliza. Usikariri orodha ya kwenye notsi ukaimwaga yote, sema kile ambacho mgonjwa HUYU anacho, bingwa anajua mara moja kama umeongea na mgonjwa au umeongea na daftari.

Sentensi yenyewe sasa. Inakaa hivi: "Silica dust predisposes miners to tuberculosis." Jambo linalomweka mtu hatarini linatangulia, mtu anakaa katikati, ugonjwa unakuja baada ya "to". Hiyo "to" msiidondoshe. Mtasikia madaktari wanamruka mtu wanasema "diabetes predisposes to infection", hiyo inakubalika sana tu hospitali, ila "diabetes predisposes infection" haipo, ukisema hivyo ni kama maambukizi ndio yamewekwa hatarini. Na "susceptible" na "prone", yaani aliye rahisi kupata ugonjwa, sio vitenzi, hizo zinamuelezea mtu, "he is susceptible to", basi.

Kinachowachanganya zaidi ni "expose". Mtoto analala chumba kimoja na babu yake anayekohoa TB, huyo amekuwa "exposed", amekutana na kidudu. Mtoto huyo huyo ana utapiamlo, hapo ndio "predisposed", mwili wake hauna nguvu ya kukizuia. Anaweza kuwa na kimoja bila kingine, na vikikutana vyote viwili mtazame kwa jicho la pekee. Na utapiamlo msidhani ni wa sehemu zenye njaa tu, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano Iringa ni karibu asilimia 57 wakati taifa zima ni 30, mkoa wenye mahindi na viazi vya kujaza magari. Kwa hiyo mtoto wa huku pima urefu, usitazame mashavu.

Halafu nimonia kwa watoto. Kila mwaka nasikia "predisposing factor is cold weather" na wanaishia hapo kwa sababu Makete kuna baridi. Muulize mama, mnapikia wapi? Baridi ikizidi watu wanafunga mlango wanapika kwa kuni ndani, mtoto mgongoni, moshi wote anauvuta yeye, na moshi wa nyumbani unakaribia kuongeza mara mbili uwezekano wa mtoto kupata nimonia. Swali dogo, lakini ukishalijibu una kitu cha kumshauri mama, baridi huwezi kumuondolea.

Nje ya hospitali hata wenye Kiingereza chao hawalitumii sana, wanasema tu "it makes you more likely to get it". Na wewe kwa mgonjwa fanya hivyo hivyo kwa Kiswahili: "Mzee, hii sukari inakuweka kwenye hatari ya kupata vidonda na maambukizi." Usimwambie mtu mbele ya ndugu zake "pombe ndio imekuletea TB". Kwanza sio kweli, pili ameshajilaumu vya kutosha na utamfanya afiche mengine uliyoyahitaji.

Kwenye faili andikeni mistari miwili tofauti, ugonjwa peke yake na kilichomweka hatarini peke yake, kwa mfano wa kwanza "PTB" (TB ya mapafu), wa pili "Predisposing factors: HIV, silica exposure", ili hata wa zamu ya usiku akilifungua ajue kipimo gani kinafuata na ndugu gani waitwe kupimwa.