Kichocheo hakiongezi amonia, na DAP haina P₂O₅

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Kidato cha Nne. Tumefundishwa kwamba mmenyuko wa kutengeneza amonia hutoa joto, kwa hiyo nyuzijoto zikiwa chini amonia huwa nyingi. Mbona viwanda hutumia nyuzi 450? Rafiki yangu anasema chuma kinachowekwa kama kichocheo ndicho kinachoongeza amonia, na chuma hicho kinataka moto. Pia, mfuko wa mbolea ya DAP umeandikwa 18-46-0, yaani asilimia za nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Nikikokotoa kwa fomula (NH₄)₂HPO₄, fosforasi haifiki hata 24%. Hiyo 46 imetoka wapi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amepatia nusu. Ile nusu aliyokosea ndiyo ninayoikuta zaidi ninaposahihisha: wanafunzi huchanganya amonia itapatikana *kiasi gani* na itapatikana *upesi gani*.

Tuanze na kiasi. N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃ huenda mbele na kurudi nyuma. Kwa kanieneo ya atmosfia 200, ukiuacha mmenyuko ufike kwenye msawazo (pale kasi ya kwenda na ya kurudi zinapolingana) katika nyuzi 200, zaidi ya 80% ya gesi iliyomo itakuwa amonia. Katika nyuzi 500 haifiki 20%. Hapo mwalimu wako yuko sahihi kabisa.

Tatizo ni hilo neno "ukiuacha". Atomi mbili za nitrojeni zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu. Kukivunja kunataka kilojuli 945 hivi kwa kila moli. Katika nyuzi 200 mmenyuko hujikokota mno, hata chuma kikiwepo, na kiwanda hakiwezi kukaa kinasubiri.

Chuma hufanya nini basi? Nitrojeni hunata kwenye uso wake, kifungo kinalegea, na nishati ya kuanzisha mmenyuko inapungua. Lakini inapungua kwa safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ni kama kupanua lango la soko: wanaoingia hupita upesi, na wanaotoka vilevile. Msawazo unafikiwa mapema, ila ni uleule. Ukiandika kwenye mtihani kwamba kichocheo husogeza msawazo upande wa amonia, alama imekwenda.

Rafiki yako bado ana haki yake kidogo. Bila chuma ingebidi tupandishe joto sana ili kupata kasi, na kwenye joto hilo amonia ingekuwa haba mno. Chuma kinaturuhusu kushuka hadi nyuzi 400 au 450, na huko ndiko kinakofanya kazi vizuri. Kwa hiyo kinasaidia kwa njia ya kuzunguka.

Tena, kiwanda hakisubiri msawazo. Gesi ikipita mara moja juu ya chuma, takriban 15% tu hugeuka. Mchanganyiko hupozwa, amonia inakuwa kimiminika na kutolewa, kisha gesi iliyobaki inarudishwa kwenye mtambo. Mkemia Mjerumani Fritz Haber alikuwa na mzunguko huo kwenye mtambo wake wa maabara mwaka 1909, kabla mkemia mwenzake Carl Bosch hajaufikisha kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mwanafunzi anayesahau mzunguko huu lazima ashangae watu wanakubalije mavuno madogo hivyo.

Sasa mfuko wako. Hesabu yako ni sahihi. Ile 46 si fosforasi, ni P₂O₅: desturi ya kibiashara ya kutaja fosforasi *kana kwamba* ingekuwa oksaidi. Oksaidi yenyewe haimo. Ingekutana na maji ingegeuka asidi ya fosforiki. Zidisha kwa 0.437 (yaani uzito wa fosforasi, 62, kwa wa P₂O₅ nzima, 142) upate fosforasi halisi, kama 20%. Haifiki 23.5% ya fomula kwa sababu DAP ya dukani si safi kama ya maabara. Potasiamu nayo hutajwa kama K₂O, zidisha kwa 0.83. Nitrojeni peke yake ndiyo inayotajwa ilivyo, ndiyo maana 46 ya mbolea ya urea ni nitrojeni kweli: 28 kwa 60 ni 46.7%.

Jipime na mbolea ya NPK 17-17-17, mfuko wa kilo 50. Ukipata nitrojeni kilo 8.5, fosforasi 3.7 na potasiamu 7.1, umeelewa.