Mliberali na mprogresivu wa Marekani: wanaachana wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kuandaa habari za kimataifa, na kila msimu wa uchaguzi wa Marekani nakwama palepale. Mwanasiasa mmoja anaitwa mliberali, mwingine mprogresivu, na wote wako upande wa chama cha Democratic. Mwenzangu kazini anasema ni kitu kilekile, jina la zamani na jina jipya, nisijisumbue. Je, ni kweli? Kama si kweli, nitawatofautishaje?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amepatia nusu. Wapo wanasiasa waliolikimbia jina la kwanza wakahamia la pili bila kubadili msimamo wowote, nami nitakueleza kwa nini. Lakini chini ya majina hayo kuna mitazamo miwili isiyofanana, na siku inapogongana, habari yako itapotoka kama huijui.

Anzia kwenye bima ya afya. Sheria ya mwaka 2010 iliyopitishwa chini ya Barack Obama ni kazi ya kiliberali kabisa. Iliziacha kampuni binafsi za bima ziendelee na biashara, ikaziwekea masharti: zisimkatae mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga, zimruhusu kijana abaki kwenye bima ya wazazi wake mpaka atimize miaka 26. Mwenye kipato kidogo akapewa ruzuku ya kununulia bima, na Medicaid, mpango wa serikali wa kuwatibu maskini, ukapanuliwa. Soko lilibaki, ila likatiwa adabu.

Sasa weka kando yake mswada ambao Seneta Bernie Sanders aliupeleka kwenye Seneti mwaka 2017. Huo ulitaka serikali yenyewe iwe bima ya kila mkazi, na ulizikataza kampuni binafsi kuuza bima ya huduma zilezile ambazo serikali inazilipia. Kwa mliberali, kampuni ya bima ni mchezaji mkorofi anayehitaji refa mkali. Kwa mprogresivu, mchezaji huyo hakupaswa kuingia uwanjani kabisa.

Lakini usisahau kwamba Sanders huyohuyo aliipigia kura ya ndiyo sheria ya Obama. Siku ya kura, mara nyingi makundi haya mawili huwa upande mmoja. Ugomvi wao huwa kabla ya hapo, wakati mswada unaandikwa.

Mliberali huanza na mtu mmoja mmoja: ana haki zake? Analindwa dhidi ya dola, dhidi ya wingi wa watu, dhidi ya ubaguzi? Ana nafasi ya kushindana na wenzake? Palipo na pengo, serikali ilizibe. Mprogresivu huanza na nguvu: nani ameshika uchumi, aliushikaje, na ataachiaje? Ndiyo maana mmoja hupenda misaada inayopimwa kwa kipato cha mtu, na mwingine hupenda huduma ya wote bila kuulizana mishahara. Mwaka 2016, Sanders na Hillary Clinton walipowania tiketi ya urais ya Democratic, hilo lilionekana waziwazi kwenye suala la ada. Sanders alitaka vyuo vikuu vya umma viwe bure kwa kila mwanafunzi. Clinton aliona haina maana walipa kodi wamsomeshee tajiri mtoto wake. Baadaye, akitafuta kuwavuta wafuasi wa Sanders, alikubali ada ifutwe, lakini kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 125,000 kwa mwaka. Kikomo hicho kinakuambia ni nani aliyeandika pendekezo.

Historia ya majina haya ina vioja vyake. Uliberali wa karne ya 19 ulitaka dola ikunje mikono: isiingilie dini, isifungie magazeti, isivuruge biashara. Uingereza ilipofuta ushuru wa nafaka mwaka 1846, huo ulikuwa ushindi wa waliberali wa soko huria. Marekani nako mawazo hayo yalikuwa na nguvu mpaka mahakamani. Jimbo la New York liliweka sheria kwamba mfanyakazi wa tanuri la mikate asifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku wala saa 60 kwa wiki. Joseph Lochner, mwenye tanuri katika mji wa Utica, alipigwa faini ya dola 50 kwa kuivunja, akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka 1905 majaji watano dhidi ya wanne walimpa ushindi, kwa hoja kwamba sheria ile iliingilia uhuru wa mwajiri na mwajiriwa kupatana wenyewe. Ukiisoma hukumu hiyo leo utadhani imeandikwa na mhafidhina, kumbe ni uliberali mkongwe huo.

Waliokereka na hukumu za namna hiyo ndio waprogresivu wa kwanza. Kwao, mapatano gani ya hiari yanawezekana kati ya mwenye tanuri na mwenye njaa? Ni enzi hizo zilizoleta sheria ya usalama wa vyakula na dawa ya 1906, kuvunjwa kwa kampuni ya mafuta ya Standard Oil mwaka 1911, na marekebisho ya katiba ya 1913 yaliyoruhusu kodi ya mapato na kuwapa wananchi haki ya kuwachagua maseneta moja kwa moja. Na hawakuwa wa chama kimoja. Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alikuwa Mrepublican. Mwaka 1912 alijitenga, akagombea kwa chama cha Progressive, akamwacha nyuma Rais Taft aliyekuwa madarakani, ingawa Mdemokrat Woodrow Wilson ndiye aliyeshinda.

Tusiwapambe lakini. Wilson, naye mprogresivu, ndiye ambaye serikali yake iliwatenga wafanyakazi weusi katika ofisi za umma. Wengi wa zama zile walishabikia pia nadharia ya kuboresha kizazi, iliyozaa sheria za kuwafunga watu uzazi kwa lazima. Waliamini mno wataalamu na serikali, na haki ya mtu mmoja ikakosa mtetezi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mliberali bado ana la kumfundisha mwenzake.

Miaka ya 1930 Rais Franklin Roosevelt aliligeuza neno mliberali. Alifanya mambo ambayo waprogresivu wangeyapigia makofi, kama sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, lakini akayaita ya kiliberali. Herbert Hoover, rais aliyeshindwa naye kwenye uchaguzi, alilalamika kwamba mliberali halisi ni yeye. Hakuna aliyemsikiliza. Tangu hapo, kwa Mmarekani, mliberali ni anayetaka serikali imlinde mtu, na Rais Lyndon Johnson akalitia muhuri kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ya 1965.

Halafu neno likachafuka. Katika kampeni ya 1988, George Bush mkubwa alilitumia kama tusi dhidi ya mpinzani wake wa Democratic, Michael Dukakis, ambaye alilikwepa mpaka siku za mwisho ndipo akakubali kuitwa hivyo. Wademokrat wakajifunza. Mwaka 2007, Clinton alipoulizwa kwenye mdahalo kama yeye ni mliberali, alijibu kwamba anapendelea kuitwa mprogresivu. Sera zake zilikuwa zilezile. Hiyo ndiyo nusu aliyoipatia mwenzako.

Ukitoka Marekani, sahau yote haya. Chama cha Liberal cha Australia ni cha mrengo wa kulia, na Kanada ilikuwa na chama cha kitaifa kilichoitwa Progressive Conservative mpaka 2003.

Kwa kazi yako, basi, usimpe mtu jina kwa kubahatisha. Uanachama kwenye kundi la wabunge waprogresivu, lililoanzishwa mwaka 1991, ni jambo linalothibitika, kwa hiyo unaweza kuliandika. Mtu akijiita mwenyewe, mnukuu. Sanders na mbunge Alexandria Ocasio-Cortez hujiita wasoshalisti wa kidemokrasia, kwa hiyo kuwaita waliberali ni kosa ambalo watakuwa wa kwanza kulipinga. Kwa waliobaki, taja sera: anataka kuibana kampuni ya bima au kuiondoa? Na kama kichwa cha habari kina nafasi ya neno moja tu, andika Mdemokrat, ila si kwa Sanders. Yeye rasmi ni seneta huru.