Kabla hujapanga bajeti, fungua ndoo ya taka

Nyumbani kwetu mshahara mmoja uliondoka mwaka 2025, mradi aliokuwa anafanyia kazi mume wangu ulifungwa baada ya hela za wafadhili kukatwa, na wala hatukuwa peke yetu, hapahapa mtaani kwetu Tabata nawajua wengine yaliwakuta hayohayo. Kwahiyo haya ninayoandika ya kubana matumizi bila kuharibu mazingira sijayatoa kwenye semina. Ilibidi watu watano wale, kodi ilipwe na ada ya shule ilipwe, kwa nusu ya hela tuliyoizoea.

Mtu akiniuliza aanzie wapi kubana matumizi namwambia achukue ndoo yake ya taka ya jioni aimwage juu ya gunia kuukuu nje, avae hata mfuko mkononi, aangalie. Anacheka kwanza. Lakini daftari la matumizi linakwambia umenunua nyanya za elfu moja na mia tano, ndoo ndo inakwambia tatu zimeozea chini ya kapu. Na kumbuka hicho kitu umekilipia mara mbili, umekinunua sokoni alafu unamlipa tena wa mkokoteni aje akibebe kipelekwe dampo la Pugu.

Ya kwangu nilipoimwaga zaidi ya nusu ilikuwa chakula. Maganda sawa, yale hayaepukiki, ila ugali uliobaki, wali uliochacha, mchicha ulionyauka, nusu mkate. Nilikuwa najua wazungu ndo wanatupa chakula, kumbe wala. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula na asilimia 60 ilitoka majumbani, wastani kilo 79 kwa kila mtu, na tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ngazi ya chini kama yetu ni ndogo sana, kama kilo 7 tu kwa mtu. Yani tunalia maisha magumu huku tunatupa kama wao.

Sasa cha kufanya hapo ni kidogo na hakina fahari yoyote. Mboga za majani nunua za leo na kesho, basi, hata kama muuzaji anakubembeleza na fungu la tatu kwa bei ya kutupa. Nyanya zikianza kulainika usisubiri, zisage au zikatekate uziunge na kitunguu na mafuta uzihifadhi, hiyo ni mboga ya kesho imeshaanza. Kiporo kirudi kwenye heshima yake, wali wa jana na chai ya rangi asubuhi nani kalalamika tukiwa wadogo? Ila kiporo kina masharti, na joto hili la Dar usiache sufuria ya wali mezani mpaka usiku wa manane alafu asubuhi uwape watoto, ukimaliza kula tu acha kipoe kidogo uweke kwenye friji, kama huna friji pika kinachoisha. Kupima mchele kwa kikombe badala ya kwa jicho peke yake kulitupunguzia mabaki kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Maganda nayo yana wenyewe. Jirani anafuga mbuzi, maganda ya ndizi na viazi yanaenda kwake kwenye ndoo yenye mfuniko kila jioni, na kwa hilo sijawahi kumwomba hela, ila yeye ananipa samadi. Samadi inaingia kwenye viroba vya matembele pale ukutani. Matembele hata mbegu hununui, unachukua mti uliobaki baada ya kuchambua unachomeka, unamwagia maji ya kuoshea mchele, wiki chache unachuma. Sasa ndoo ya taka ikishatolewa chakula inabaki nyepesi, haitoi harufu, nzi hawaji, na wa mkokoteni hata akichelewa wiki hupati presha. Tena mvua za masika zikija huoni kishawishi cha kutupa mtaroni kama wanavyofanya wengine (najua mnajijua), alafu maji yakirudi ndani tunasema serikali haijafanya kitu.

Kwenye nishati ndo kuna hela nyingi, kwahiyo hapa nitakaa.

Maisha yakibana watu wengi wanaacha gesi wanarudi kwenye mkaa, na nawaelewa kabisa. Mkaa unauzwa kwa kopo, una elfu moja na mia tano mfukoni leo unapika leo. Gesi inataka elfu ishirini na kitu kwa mpigo, mtungi mdogo, na hiyo elfu ishirini na kitu kwenye mwezi mbaya haipo. Lakini piga hesabu: kopo la 1,500 kila siku kwa siku 30 ni 45,000. Hapo hujaweka mafuta ya taa ya kuwashia, na maharage yanayokula makopo mawili. Maskini ndo anapikia nishati ya bei mbaya, kwa sababu tu anainunua kidogokidogo.

Na huo mkaa unatoka wapi, unatoka misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga huko. Tanuri la kienyeji linakula kuni kilo sita na zaidi kukupa mkaa kilo moja. Serikali yenyewe huwa inataja karibu hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka nchini, na mkaa ni moja ya sababu kubwa pamoja na kufyeka mashamba.

Dawa yangu ya tatizo la mpigo ilikuwa kibubu. Kila siku ambayo ningenunua mkaa ile hela naiweka kwenye simu, kwenye laini ambayo siitumii kwa kitu kingine. Mtungi ukiisha hela ipo. Kuanza ni kugumu maana lazima upate ule mtungi wa kwanza kujazwa, hapo mimi nilitumia zamu yangu ya kijumbe, ule mchezo wa kupeana hela kwa zamu, na sijutii. Maeneo mengine kuna gesi ya mita, unalipia kwa simu unapata kiasi cha hela yako, kama ipo kwenu iulizie, imetengenezwa kwa watu kama sisi hasa.

Ila niseme ukweli, mtungi mdogo kwa familia ya watu watano haufiki mbali kama unachemshia maharage na makande humohumo. Ukiona gesi "inaisha haraka" angalia maharage kwanza kabla hujamshuku muuzaji. Loweka usiku kucha, yamwage yale maji, chemsha mengi kwa pamoja, gawa kwenye vikopo ugandishe. Funika sufuria. Ikishachemka punguza moto, maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu, unachoma hela tu. Alafu kuna kapu. Bibi zetu wengine walilijua, chukua kapu kubwa au ndoo pana, jaza vipande vya sponji ya godoro chakavu na vitambaa, acha shimo la sufuria katikati. Wali unauchemsha dakika chache mpaka maji yakaribie kukauka, unaufunika vizuri unaingiza kapuni na mto juu, unaenda kufua, unarudi umeiva na haujaungua chini. Ndizi na viazi pia. Nyama na maharage ukivipikia humo uvirudishe jikoni vichemke tena kabla ya kula, usiviache vikawa vuguvugu nusu siku.

Kama kuna hela kidogo au ndugu aliye nje anauliza akutumie nini, mwambie jungu la presha la umeme. Watu wanaogopa umeme wakidhani ni wa gharama, lakini sufuria ya maharage kwenye lile jungu haifikishi uniti moja. Uniti ukiwa kwenye daraja la chini la TANESCO, shirika la umeme, wale wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ni shilingi 100, na daraja la kawaida ni 292 kabla ya kodi na makato. Linganisha na makopo mawili ya mkaa. Na bwawa la umeme la Nyerere lenye megawati 2,115 limeshakamilika, umeme sasa upo kuliko zamani japo kukatika bado kunatokea.

Tatizo ni LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, wapangaji sita. Hapo jungu la presha linaleta ugomvi kuliko mchepuko, kila mtu anaona wewe ndo unamaliza umeme hata kama yeye ana pasi na hita ya maji, na nyumba nzima mkichangia mita moja zile uniti 75 mnazipita mapema mnapandishwa daraja wote. Sabmita ndo jibu, mita ndogo ya ndani, kila chumba na yake, fundi wa umeme mwenye leseni anafunga, zinapatikana Kariakoo. Mwenye nyumba akikataa mwambie mtachangia wapangaji, ugomvi wa umeme unamsumbua na yeye.

Sasa kuhusu sera, maana huwa naona watu mtandaoni wanasema mambo ya mazingira wakati huu wa njaa ni anasa, serikali iache kwanza. Mimi naona inategemea sera yenyewe. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku ghafla, watu hawakuwa na mbadala, bei ikaruka, na baada ya wiki chache marufuku ikaondolewa. Mwaka 2019, tarehe 1 Juni, mifuko ya rambo ikapigwa marufuku na ile ikashika. Kwanini? Kwa sababu mbadala ulikuwepo, kikapu kila mtu anacho nyumbani, na adhabu ilieleweka, mtumiaji kuanzia 30,000 mpaka 200,000 au mpaka siku saba ndani. Kuna uchakachuaji, mifuko mbadala inatakiwa iwe na uzito wa GSM 70, yani gramu 70 kwa mita ya mraba, lakini kuna iliyokuwa inachanika kabla hujafika nyumbani, na vile vifungashio vyepesi vinavyoonesha kilichomo ndani vikageuzwa mifuko ya kubebea. Lakini mitaro ya mwaka huu na ile ya 2018 sio sawa.

Kwahiyo mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034, unaosema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, mimi nauunga mkono ila nina lawama yangu. Kugawa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ni vizuri, lakini mtungi wa kwanza sio shida kubwa, shida ni wa pili na wa tatu. Nimeona mitungi kwa macho yangu imegeuka stuli. Ruzuku ingewekwa hata kidogo kwenye kujaza, au kwenye ile gesi ya mita, au majungu ya presha yauzwe kwa mkopo unaokatwa kwenye LUKU, watu wasingerudi kwenye kopo. Na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa mpaka mwanzoni mwa 2024 kuacha kuni na mkaa, hapo ndo pa kubana kwanza, kuliko kufukuzana na mama muuza chapati na jiko lake moja.

Dukani nako, msidanganywe na vitu vya "kijani". Mrija wa mianzi, chupa ya chuma ya elfu arobaini, hivyo ni vya watu wenye hela za kuchezea. Mazingira ya bei rahisi tayari yapo kwa Mangi wa duka la mtaani: mafuta ya kupima. Unaenda na kichupa chako unapimiwa, hakuna sacheti wala chupa mpya. Shida ya kupima ni ileile ya mkaa, ukinunua robo robo unalipa zaidi. Tulichofanya sisi ni majirani wanne kuchanga dumu la lita 20, kila mtu anakuja na kidumu chake cha lita tano, na dumu lenyewe tunapokezana, wa zamu analiuza au anawekea maji. Sabuni ya maji hivyohivyo. Mchele na unga gunia moja tunagawana kwa mzani, sio kwa bakuli, bakuli ndo linavunja urafiki. Na chagueni watu ambao hela zao zinaingia tarehe zinazokaribiana, sisi tulikuwa na mmoja mwema kabisa ila hela yake ilikuwa inakuja wakati wengine tumeshaanza kupikia mafuta ya mwisho, tukabadilisha tu siku ya kununua, tukamfuata yeye.

Nguo sina mengi, mitumba ya soko la Karume na fundi cherehani mnavijua. Viatu vya shule nunua vya kushonwa, vya gundi havifiki muhula.

Chupa za maji na soda zikusanye kwenye kiroba, zikunje zikae nyingi. Usiziuze mwenyewe kama ni chache maana wanunuzi wanapima kwa kilo na kilo ya chupa tupu ni nyingi mno, mpe yule anayepita asubuhi na gunia lake, tena mpe zikiwa safi zimetenganishwa na taka za jikoni. Yule wa kwetu siku hizi anagonga mlango, haingii kufukua ndoo, na ada yetu ya taka tumeenda kuongea na mwenyekiti wa mtaa kwamba sisi tunaotoa kiroba kimoja kwa wiki tusilipe sawa na wanaotoa vitano. Hajakubali bado. Kikao kingine ni mwezi ujao na tumeshajiorodhesha nyumba tisa.