Kabla hujaandika barua ya kumhimiza mwananchi

Ninyi mnaoanza kazi kwenye huduma za umma hapa Mombasa, mkiwa na hamu ya kutumia sayansi ya tabia, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoamua na kutenda, nawaomba jambo moja: msianze kwa kumhimiza mtu. Anzeni kwa kuitazama njia anayopita.

Ofisi nyingi huamini kwamba asiyelipa kodi ya ardhi au asiyejisajili hajui umuhimu wake, basi hubandikiwa bango na kusomewa hotuba. Ukikaa benchini na watu utakuta wengi wanajua vizuri sana. Mambo hukwama kati ya nia na kitendo. Mama wa Mtongwe amefunga genge lake, amevuka feri, amefika Kituo cha Huduma pale Posta, Digo Road, halafu anaambiwa akatoe kwanza nakala ya kitambulisho. Mwingine akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilifunguliwa na kijana wa saiba, kwa barua pepe ya kijana huyo huyo, na nywila haijui hata leo. Bango litawasaidia nini hawa?

Kwa hiyo mfuate mtu mmoja tangu mlangoni kwake mpaka atoke na risiti. Andika kila alipoombwa karatasi, kila aliposubiri, kila alipotoa pesa. Mkubwa mpe shikamoo yake kwanza. Usimuulize, "Mbona hukulipa?" maana hapo atatafuta kisingizio. Mwambie, "Mamangu, hebu nieleze ulivyofika hapa leo." Na umuulize kando, kwa sababu asiyejua kusoma hawezi kulisema hilo mbele ya foleni.

Baada ya njia, angalia wakati. Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, na wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson wakauchapisha mwaka 2011. Wakulima walitaka kutumia mbolea, lakini msimu wa kuinunua ulipofika pesa zilikuwa zimekwisha. Watafiti wakawapelekea nafasi ya kununua mara tu baada ya mavuno, pesa zikiwa bado mkononi, na kupelekewa mbolea bure wakiamua ndani ya muda mfupi. Matokeo yakakaribia yale ya kupunguza bei kwa nusu msimu ukishafika. Sasa fikiria barua ya leseni ya biashara inayomfikia muuzaji wa Kongowea mwezi wa Januari, wiki ile ile ya karo. Barua yenyewe huenda haina kasoro, ila imekuja wakati mbaya.

Kukumbusha nako kuna kipimo chake. Katika jaribio lililofanyika magharibi mwa Kenya, wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walitumiwa ujumbe mfupi wa simu. Waliotumiwa kila wiki, asilimia 53 walizingatia dawa inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa. Ujumbe wa kila siku haukuongeza kitu. Mkubwa wako akisema mtume kila siku ili watu wasisahau, mwonyeshe tarakimu hizi kwa adabu.

Tahadhari kubwa ninayowapa ni ya kunakili. Kikosi cha sayansi ya tabia cha serikali ya Uingereza, Behavioural Insights Team, kilichoanzishwa mwaka 2010 kilisifika kwa barua za kodi zenye kumwambia mtu kwamba wenzake wengi wameshalipa. Kule ilikuwa kweli. Mtaani kwako ikiwa wengi hawajalipa, sentensi hiyo ni uongo, na serikali haina ruhusa ya kumdanganya raia hata kwa faida yake. Wala usiandike kinyume chake, kwamba "wengi hawalipi", maana utakuwa umempa ruhusa ya kukaa nao. Iache tu. Mwandikie anachohitaji: "Leta kitambulisho halisi na nakala moja. Dirisha la 4, kuanzia saa 2 asubuhi. Mwisho Ijumaa." Ujumbe kama huu husaidia kuliko aya tatu za "kwa mujibu wa kifungu".

Mfano wa nyumbani tunao. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika stika ndani ya matatu zikimtaka abiria apaze sauti dereva anapokimbiza gari. Walijua stika hubanduliwa, basi wakaweka bahati nasibu kwa madereva waliozitunza. Katika jaribio kubwa la baadaye, lililochapishwa mwaka 2015, madai ya bima ya ajali yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Mimi huipenda sana ile bahati nasibu, kwa kuwa aliyeibuni alifikiria maisha ya stika baada ya yeye kuondoka.

Na mjaribu. Gawanya orodha kwa kura: nusu wapate barua ya zamani, nusu ile mpya, kisha uhesabu waliolipa kweli, si waliosema barua ni nzuri. Pata idhini kabla ya kuanza, na namba za simu za watu zilindwe kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Karani wa dirishani ahusishwe tangu siku ya kwanza; ndiye atakayejua mistari ya foleni imebadilika kabla hujafungua kompyuta yako. Barua zote mbili, tarehe na hesabu ziweke kwenye faili moja, hata kama hamkuona tofauti yoyote, ili atakayehamishiwa dawati lako asirudie jaribio lile lile kwa pesa za umma.