Muulize Shangazi: Taiti yenye jani la kijani

*Shangazi, shikamoo. Naishi Mengo na ninajiandaa kwa kilomita 21 za mbio za Kampala mwezi wa Novemba. Nahitaji taiti mbili na sidiria ya mazoezi. Kuna duka la mtandaoni linauza taiti moja shilingi 280,000. Lebo ina jani la kijani na maneno "rafiki wa mazingira", eti imetengenezwa kwa chupa za plastiki. Wenzangu kazini wananicheka, wanasema niende soko la mitumba la Owino. Mimi sitaki kuvaa jasho la mtu aliyedhulumiwa. Nifanyeje?*
*Mkimbiaji wa Mengo*

Marahaba, mwanangu. Ssenga wa kweli, yule shangazi wa Kiganda anayewafunda mabinti, angekuuliza kwanza unakimbia na nani, lakini leo tubaki kwenye nguo.

Hilo jani ni mchoro tu, hata mimi naweza kulichapisha pale Nasser Road kabla ya chakula cha mchana. Kinachosema kitu ni jina la cheti, na kila cheti kina mipaka yake. OEKO-TEX Standard 100 maana yake nguo imepimwa kemikali zenye madhara. Fundi alilipwa nini, hakisemi. GOTS inataka angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, tena inaweka masharti kuhusu wafanyakazi. Nazo chupa, ni kweli poliesta nyingi iliyorejelezwa hutoka huko, na ni afadhali kuliko kuchimba mafuta mapya. Lakini bado ni plastiki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba kufua kilo 6 za nguo za poliesta kwa mashine mara moja kunaweza kutoa vinyuzi karibu 500,000.

Sasa hilo la jasho. Niliwahi kushona miaka miwili katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Kuna mwezi tulishona fulana za siku ya mazingira, mti mzuri umechapwa kifuani. Msimamizi alikuwa akituhesabia dakika za chooni, na saa za ziada tulilipwa soda. Soda moja, ya moto. Ndiyo maana nikisoma mahali "tunalipa kwa mujibu wa sheria" huwa nacheka peke yangu. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijaguswa tangu hapo. Leo hazikununulii hata rolex tatu, zile chapati za kuviringishia mayai. Kiwanda kinaweza kutii sheria hiyo na bado kikakunyonya mpaka mfupa.

Basi liulize hilo duka swali moja tu: taiti hii imeshonwa kiwanda gani? Siyo nchi gani, kiwanda gani. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka kule Bangladesh mwaka 2013, likaua watu zaidi ya 1,100, ilibidi watu wafukue lebo kwenye kifusi ndipo ijulikane kampuni zipi zilikuwa zikishonewa mle. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na mafundi wakaambiwa warudi kwenye cherehani. Muuzaji anayejua kiwanda chake atakitaja. Asiyejua atakutumia tena picha ya jani.

Wenzako wasikukasirishe, kwa taiti wana haki. Nguo ambayo tayari ipo haihitaji kutengenezwa upya, nami taiti zangu zote ni za mivumba, yaani mitumba. Ila wengi hawajui kuchagua. Ivute kwa mikono miwili karibu na sikio: ikilia kra-kra, laikra, zile nyuzi zinazovutika, imekufa, irudishe kwenye rundo. Inyooshe kwenye mwanga. Ukiona vinyuzi vyeupe vimesimama kama mvi, hiyo haifiki Desemba. Kagua mshono wa katikati ya mapaja, ndipo pa kuchubuka. Kisha chuchumaa nayo juu ya nguo zako, usione haya, Owino hakuna anayekuangalia. Mimi sijawahi kuzidisha 20,000 kwa moja.

Sidiria nunua mpya. Mpira wake huchoka kabla ya kitambaa, na ya mtu mwingine imeshachukua umbo la mtu mwingine. Hapo ndipo pa kutumia pesa ulizookoa. Fulana ya pamba ni nzuri ya kutembelea na mazoezi mepesi, lakini kwa kilomita 21 italowa, itakuwa nzito, na kwapa utazijutia.

Ukishanunua, fua kwa mkono, maji baridi, usisugue kama unafua magunia. Taiti ya mbio fupi ianike tu upepo uipitie, si lazima ifuliwe kila siku. Na maji ya beseni usiyamwage mtaroni hivihivi. Mtaro wa kwenu unateremkia mfereji wa Nakivubo, Nakivubo unaingia ziwani upande uleule wa Gaba tunakochotewa maji ya kunywa. Chuja kwa kitambaa kizito, kile kinachobaki kitupe na taka kavu. Vinyuzi vya plastiki havitanaswa vyote, lakini utashangaa utakachokiona.

Duka likikujibu kwa jina la kiwanda, niandikie tena. Nina taiti moja imeanza kulia kra-kra.